Cheti cha kifo cha babu ni cha 1979, je, bado kinakubalika kortini?

MtoYala: Habari za jioni wadau. Tunaandaa kesi ya mirathi ya shamba la marehemu babu, huko Vihiga, Kenya. Cheti chake cha kifo kimejazwa kwa mkono, wino umefifia, na juu pameandikwa Wilaya ya Kakamega. Baba mdogo anashikilia kuwa siku hizi vyeti vinachapwa na kompyuta, kwa hivyo hicho kimepitwa na wakati. Ameshaanza kutuchangisha pesa za "kukibadilisha". Nyanya naye alifia nyumbani 2006, tuna kikaratasi cha naibu chifu tu. Nishaurini.

KaraniMstaafu: Baba mdogo atulie. Cheti ni nakala ya yaliyoandikwa kwenye rejista, na fomu ikibadilika sura rejista haifutiki. Tafuta nambari ya usajili hapo juu. Ukiwa nayo, msajili atakutolea nakala nyingine iliyochapwa. Utakuta ni mambo yale yale: jina, umri, kazi, mahali alipofia, chanzo cha kifo, aliyetoa taarifa. Kakamega iacheni, wakati huo Vihiga ilikuwa haijakatwa kutoka humo.

Kazi iko kwa nyanya. Hicho ni kibali cha mazishi, si cheti. Kifo cha nyumbani hujazwa na naibu chifu kwenye fomu D2 (cha hospitali ni D1), nyinyi mnapewa kibali mzike, fomu inaenda kwa msajili. Ikiwa ilifika, ombeni cheti tu. Ikiwa ililala kwenye droo, mtasajili upya kama kifo kilichochelewa, maana miezi sita ikipita lazima msajili atoe idhini.

Mwana_Alego: Nyinyi mna bahati. Wazungu waliandikishiwa vifo kwa lazima tangu 1904, Wahindi 1906. Mwafrika alianza kufikiwa 1963, wilaya baada ya wilaya, hadi nchi nzima 1971. Babu yangu alizikwa 1965 na hana hata risiti.

NesiKondele: Msishtuke chanzo cha kifo kikiwa "homa" tu. Nyumbani huandikwa walichosema jamaa. Hospitalini daktari anapanga mfuatano: kilichomuua mwishoni, kisha kilicholeta hicho, hadi ugonjwa wa mwanzo. Mpangilio huo ni wa kimataifa tangu 1948. Korti ya mirathi haitawauliza habari za homa.

MtoYala: Asanteni sana. Nimekitoa sasa hivi nikakiangalia vizuri. Nambari ipo. Ila jina la babu lina "b" mahali hati ya shamba ina "v".

KaraniMstaafu: Hiyo "b" ndiyo itawachelewesha, wala si wino. Kamwoneni wakili mle kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, na chifu awaandikie barua. Kipige picha pande zote mbili kabla hakijatoka nyumbani, na asikibebe mtu mwingine ila wewe.