Pikipiki ya zamani: iliyolala miaka au iliyotembea sana, ipi ya kuaminika?

Mpenda_Vyuma
Wakuu habari zenu. Natafuta pikipiki ya zamani ya kuendesha kweli, sio ya kupigia picha wikiendi. Nimezunguka nimebaki na mbili. Moja ni Honda CX500 ya 1978, mita inasoma kilomita elfu 19 tu, rangi inang'aa, ila imelala kwenye gereji ya mtu zaidi ya miaka kumi, mwenyewe anasema "weka betri tu inawaka". Nyingine Suzuki GS750 ya mwaka huohuo, imeshapita elfu 80, siti imeshonwa upya, tanki limebonyea, lakini jamaa anaendea kazini kila siku. Moyo uko kwa Honda sitawaficha. Sasa je, kuna namna ya kujua chuma kama hiki kitanibeba au kitanilaza njiani kabla sijatoa hela? Spana nashika kidogo, kufungua injini hapana.

Spana_Kumi
Mkuu, kama ni betri tu inayokosekana mbona hajaweka akauza kwa bei nzuri zaidi? Anza kujiuliza hapo.

Hizo elfu 19 zisikulevye. Mita ya pikipiki ya 1978 inabadilishwa chapuchapu na hakuna atakayejua, we angalia vitu ambavyo watu hawakumbuki kubadilisha, raba za kuwekea miguu, raba ya lever ya gia, tundu la ufunguo, zikiwa zimelika kuliko mita inavyodai basi mita ndiyo inayosema uongo. Tairi nalo soma pembeni, kuna tarakimu nne za mwisho, mfano 2309 ni wiki ya 23 mwaka 2009. Ukikuta tatu tu ujue limetoka kiwandani kabla ya 2000, hilo hata kama meno yake ni marefu halifai, raba imeshakuwa ngumu.

Na kulala ndiko kunakoua. Petroli inakauka kwenye kabureta inabaki gundi, sili zinakauka, pistoni za breki zinaganda, tanki linaota kutu ndani. Fungua kifuniko umulike na tochi. Ukiona ndani pamepakwa kitu kama rangi chunguza vizuri, maana ile dawa ya kuziba kutu ikianza kubanduka inaenda kuziba jeti (vitundu vidogo vya kupitishia petroli) na utafungua kabureta mpaka uchoke.

Bi_Kabureta
Naongezea kwa hiyo Suzuki maana inadharauliwa bure kisa sura. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, halafu ukifika, kabla hata ya salamu kuisha, gusa silinda. Ikiwa ya moto ujue kuna kitu hakutaka ukione, na kinachofichwa mara nyingi ni jinsi inavyowaka ikiwa baridi na moshi wa mwanzo.

Moshi wenyewe usome. Wa bluu ni oili. Ukitoka wakati unavuta mafuta kwa nguvu wasiwasi ni ringi za pistoni, ukitoka pale unapoachia mafuta kwenye mteremko kisha ukavuta tena hiyo mara nyingi ni sili na mirija ya kuongozea valvu (valve guide). Mweusi ni petroli nyingi, hilo ni la kabureta tu, halinisumbui. Mweupe wa asubuhi ukiisha injini ikipata moto ni mvuke.

Injini ya GS750 chini kuna krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) ya beringi za rola, ngumu sana ile, elfu 80 kwa iliyobadilishwa oili kwa wakati hainitishi. Muulize kitu kimoja tu: mara ya mwisho alipima lini nafasi ya valvu? Inatakiwa milimita 0.03 mpaka 0.08 na inarekebishwa kwa kubadilisha visahani vidogo vilivyo juu ya valvu. Mtu anayeitunza atakujibu bila kufikiri, pengine na kidaftari atakutolea. Akikushangaa, pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) injini ikiwa ya moto na mafuta yamevutwa mpaka mwisho, silinda zote nne ziwe karibu sawa. Moja ikiwa chini tia oili kijiko kimoja kwenye tundu la plagi upime tena, ikipanda ni ringi, ikigoma ni valvu.

Ugonjwa wake unaojulikana ni chaji. Nenda na maltimita (kipima umeme). Injini imezimwa betri nzima inasoma kama volti 12.6, ukiwasha na kupandisha hadi mizunguko elfu 4 au 5 lazima uone 13.8 mpaka 14.5. Pungufu ya hapo hiyo inaishi kwa kula betri.

Shafti_Sio_Cheni
Naona CX inahukumiwa bila wakili hapa 😂 Ile ni injini ngumu jamani, shafti nyuma, hakuna cheni ya nyuma ya kukaza, inapozwa kwa maji. Ila ina mambo matatu na yote yanakaa nyuma ya injini, maana yake ukitaka kuyagusa injini inashuka. Kwanza stata (stator, koili za jenereta), ikifa unakosa chaji na hata moto wa plagi. Pili pampu ya maji, kuna kitundu kidogo chini yake, kikiwa kinadondosha maji ya rejeta basi sili imekwisha. Tatu kikaza cha cheni ya taiming iliyo ndani ya injini, hizo za 1978 ziliitwa kurudishwa zirekebishwe, na zilizofanyiwa kazi zilipigwa vidoti vitatu karibu na namba ya injini. Vitafute kwa kidole, rangi inaweza kuwa imevifunika.

Na iliyolala hivyo usikubali iwashwe kwa kitufe siku hiyo. Plagi zitoke, oili kidogo ndani, izungushwe kwa spana taratibu kwanza.

Mpenda_Vyuma
Asanteni sana wakuu. Mwenye Honda nimemwomba tutoe plagi tutie oili, amekataa, anasema anayeitaka aichukue ilivyo. Vidoti sikuviona. Kwa Suzuki nimeikuta baridi kabisa, imewaka mara ya kwanza, moshi hakuna, gia ya pili nimeivuta mlimani haichomoki, usukani nikinyanyua gurudumu la mbele unazunguka laini hauna mahali pa kunasia. Jamaa ana daftari la valvu kweli! Shida chaji, kwa elfu 5 naona 12.9 tu.

Bi_Kabureta
12.9 sio kifo ndugu yangu, ni ya kupatania bei. Chomoa waya tatu zinazotoka kwenye jenereta, washa, pima mbilimbili kwa mkondo geu (AC kwenye maltimita): jozi zote tatu zisome sawa. Kisha zima injini upime kila waya na bodi, pasiwe na mawasiliano ya umeme kabisa. Zikipita hizo mbili jenereta ni nzima, tatizo ni regyuleta (kidhibiti chaji) au nyaya. Na kwenye Suzuki za miaka hiyo kuna waya mmoja wa jenereta unapandishwa mpaka kwenye swichi ya taa kwenye usukani halafu unarudi, sijui nani alilifikiria hilo, viungio vyake vinaoza na chaji inapotelea humo. Uunge moja kwa moja kwenye regyuleta, safisha na waya wa bodi, ndio upime upya. Jenereta ikifeli, mwambie akupunguzie ya kuisuka upya.