Migahawa ya Dar imerudi kutunawisha maji matupu, sabuni zote zimeenda wapi?

Wakuu, yamenifika shingoni. Leo mchana nimeingia mgahawa mmoja Kariakoo, siyo kibanda, ni mgahawa wa maana wenye feni, televisheni na wateja wa kutosha. Nikaenda kwenye sinki kunawa. Juu ya sinki kuna chupa iliyokuwa ya maji ya kunywa, kifuniko kimetobolewa, ndani mna maji yenye upinki kwa mbali. Hiyo ndiyo sabuni. Nimeminya, nimesugua, povu hakuna. Pembeni limetundikwa taulo moja, limelowa chapachapa, kona zake zimeshika rangi ya mchuzi. Anayemaliza kula anafutia hapo mikono na mdomo, na anayekuja kula anafutia hapohapo.

Nikamwita mhudumu nikamuuliza sabuni iko wapi. Akanionyesha ile chupa. Nikamwambia haya ni maji, akanijibu, "Kaka, mbona wenzako wote wananawa hiyohiyo?" Nikaondoka na njaa yangu.

Yule kijana simlaumu, yeye kaikuta ile chupa kazini. Ninayemlaumu ni mwenye mgahawa, maana huyu mtu anajua kabisa kinachotakiwa. Tarehe 16 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa, yule wa Arusha, na hazikupita wiki nyingi kila mlango wa mji huu ukawa na ndoo ya koki. Benki, bucha, saluni, msikitini, kanisani, mpaka dukani kwa Mangi. Sabuni ya maji ipo, beseni la kukinga lipo, na kuna mtu amewekwa pale kuhakikisha hupiti bila kunawa. Hakuna aliyesema hana hela wala aliyesema maji ya mgao hayatoshi. Kwa hiyo msije hapa kuniambia haiwezekani, tumeiona ikiwezekana.

Leo zile ndoo ziko wapi? Nyingine zimegeuzwa za kuoshea vyombo, nyingine koki imekatika na hakuna aliyejali kununua nyingine. Kwingine vile vyuma vya kuwekea ndoo bado vimesimama mlangoni vinaota kutu.

Halafu kama vile korona ndiyo ilikuwa sababu pekee ya kunawa mikono! Agosti 2015 kipindupindu kilianzia hapahapa Dar, kikasambaa karibu nchi nzima, zaidi ya watu 20,000 wakaugua na mamia wakafariki. Kile hakikuja kwa hewa. Kinatoka kwenye kinyesi cha mgonjwa, kinapita kwenye maji, chakula na mikono, kinaingia mdomoni. Januari 2024 likatupiga lile wimbi la macho mekundu, ofisi nzima watu wanachuruzika machozi. Na lenyewe lilikuwa la mikono: unafikicha jicho, unashika mlango, mwenzako anashika mlango, naye anafikicha lake. Na taulo la kuchangia, lilelile nililolikuta leo.

Sasa kuna watu wanaamini maji yanatosha. Kula samaki wa kukaanga kwa mkono, kisha nawa kwa maji ya baridi bila sabuni. Mafuta yametoka? Hayatoki, unasugua yanazidi kutambaa. Basi na vimelea vingi vimeng'ang'ania kwenye mafuta na jasho la ngozi namna hiyohiyo. Kazi ya sabuni ni kuyaachanisha yale mafuta na ngozi ili maji yaondoke nayo. Tena virusi kama cha korona vimevikwa utando wa mafuta, sabuni inaupasua na kirusi kinakwisha. Ila hayo yote yanataka kusugua, angalau sekunde 20, viganja, nyuma ya mikono, katikati ya vidole na chini ya kucha. Kumwagiwa jagi la maji juu ya vidole, tena vya mkono mmoja, ni kulowana tu.

Na ile chupa ya pinki inanikera kwa sababu nyingine. Sabuni ikiisha wanaongeza maji, yakiisha wanaongeza mengine, chupa yenyewe haioshwi mwezi mzima. Sabuni iliyochujuka kiasi hicho bakteria wanaweza kuota humohumo ndani. Unakwenda kunawa, unaondoka na wadudu wengine.

Vijiwe vya kahawa ndiyo kabisa. Jamani, kaeni siku moja mtazame. Muuza kahawa ana vikombe labda kumi, na ndoo moja ndogo ya maji. Mteja anakunywa, anarudisha kikombe, kinachovywa kwenye ile ndoo, kinakung'utwa, kinamiminiwa kahawa ya mtu mwingine. Yale maji jioni yamekuwa ya kijivu, chini kuna machicha ya kahawa. Mwenye kikohozi kanywea, mwenye kidonda mdomoni kanywea, wote wamesuuzwa kwenye ndoo moja. Mjue napenda kahawa na napenda kijiwe, ndiyo maana nasema. Ndoo ya pili yenye sabuni ingemgharimu nini yule bwana?

Chipsi nazo. Siku hizi wauzaji wengi wanavaa glovu, mnaona usafi umeongezeka. Mtazame vizuri huyo mtu. Kwa glovu hiyohiyo anapokea noti, anajikuna shingo, anajibu simu, anashika kachumbari. Glovu isiyobadilishwa ni mkono mchafu tu, tena ni hatari zaidi kwa sababu aliyeivaa hahisi uchafu wowote, hivyo hakumbuki kunawa. Kwenye bucha hali ni ileile, mkono unaokata nyama ndio unaorudisha chenji.

Niseme na la zahanati, maana hapo ndipo nilipoumia zaidi. Nimempeleka mwanangu mwezi uliopita, homa na kuhara. Kwenye chumba cha daktari kuna sinki, na juu ya sinki kuna bango zuri la rangi linaloonyesha hatua zote za kunawa mikono. Kisanduku cha sabuni chini ya bango kikavu. Daktari kamshika mtoto aliyetutangulia, kamshika wangu, kamuita anayefuata. Hata kitakasa mikono hakuna mezani. Mgonjwa anaingia na tumbo anatoka na kifua! Shule anayosoma mwanangu nayo vyoo havina maji ya bomba, watoto wanatoka chooni wanakimbilia maandazi. Hapo sina la kuongeza.

Najua majibu yanayokuja. "Tumekula hivyo tangu utotoni na hatujafa." Wewe hujafa. Kuhara bado ni miongoni mwa magonjwa yanayoongoza kuua watoto chini ya miaka 5 duniani, na hao waliokufa hawawezi kuja hapa kukujibu.

"Mama lishe ni masikini, mwacheni atafute riziki." Kipande cha sabuni ya mche hakifiki bei ya sahani moja ya wali maharage, na kinanawisha wateja wa siku nzima. Mbona mkaa ananunua? Mafuta ananunua? Tena nawaonea huruma hao kina mama kuliko nyie mnaowatetea, kwa sababu kipindupindu kikilipuka wao ndio wa kwanza kufukuzwa barabarani na masufuria yao kumwagwa. Miezi inapita, wanarudi, na hakuna aliyewaambia lolote kuhusu sabuni.

"Maji hakuna." Vijijini ambako bomba halijawahi kufika watu wanatengeneza kibuyu chirizi: dumu la lita 5 limetobolewa tundu, limening'inizwa kwenye mti, limefungwa kamba hadi kwenye kijiti cha kukanyaga. Unakanyaga, maji yanachirizika kidogo, mkono wako haugusi dumu. Sabuni imefungwa kamba pembeni isiibiwe. Lita chache zinanawisha familia. Mgahawa wenye televisheni unashindwaje?

Sheria ya Afya ya Jamii tunayo tangu 2009. Maafisa afya wapo mpaka ngazi ya kata. Nimewaona wakikagua leseni na vyeti vya kupima afya vya wahudumu, wanasaini, wanaondoka, na sinki lipo mita mbili kutoka waliposimama. Kama humu kuna afisa afya, naomba aje anijibu hapa bila kuzunguka: unapoingia kukagua mgahawa, unafungua bomba? Unaminya ile chupa ya sabuni? Na ukiikuta ni maji matupu, unamwandikia nini mwenye mgahawa?