Mtoto kapita kipimo kimoja cha masikio, kingine hakuna wimbi hata moja. Nishike lipi?

Mama Njiti
Habari zenu wanajamvi. Mwanangu alizaliwa njiti, akapata manjano kali. Taa hazikutosha mpaka wakambadilishia damu. Kabla hatujaruhusiwa walimwekea kidude sikioni, mashine ikaandika amepita, masikio yote mawili. Kliniki wakasema kwa historia yake lazima apimwe na ABR, kile cha nyaya kichwani. Kalala fofofo, vibandiko kwenye paji na nyuma ya masikio, sauti ta-ta-ta-ta mpaka desibeli 90. Majibu: "mawimbi hayaonekani, kulia na kushoto." Mlango ukibamizwa kuna siku anashtuka, kuna siku wala hana habari. Na ule umeme hauwezi kumdhuru?

Babu Kipara
Pole mwanangu. Mtoto anayeshtuka anasikia huyo, mashine zenyewe ndiyo mbovu. Wa kwangu alichelewa kuongea, leo tunamwomba anyamaze. Subiri akue.

Pima Sikio
Shikamoo mzee wangu, ila hapo kwenye kusubiri sikuungi mkono. Mtoto aliyebadilishiwa damu kwa manjano hasubirishwi.

Mama, haingizwi umeme wowote. Vibandiko vinasikiliza tu. Neva ya kusikia na shina la ubongo vikipokea sauti hutoa umeme wao wenyewe, chini ya maikrovolti moja, ndani ya milisekunde 10 za mwanzo. Umeme huo umezama katika ule wa misuli na wa ubongo unaoendelea na shughuli zake, kwa hiyo sauti hurudiwa mara 1,000, mara 2,000 au zaidi, kompyuta ichukue wastani: kelele zinafutana, jibu linabaki. Ndiyo maana tunataka mtoto alale.

Kile kidude cha kwanza kinapima mwangwi unaotolewa na seli za nywele za sikio la ndani. Kinaishia hapo, neva hakiigusi. Manjano kali yanaweza kuumiza neva na vituo vyake kwenye shina la ubongo, seli za nywele yakaziacha. Kwa hiyo vipimo vyako vinaweza kuwa kweli vyote viwili. Hebu angalia karatasi: mwanzoni kabisa mwa mstari kuna chochote?

Waya Mbovu
Mimi fundi wa vifaa tiba. Kwanza uliza ukinzani wa vibandiko, yaani vimeshika ngozi vizuri kiasi gani, tunapenda uwe chini ya kiloomu 5. Kibandiko kikilegea, au kuna chaja ya simu jirani na kitanda, mnasoma uchafu mtupu.

Mama Njiti
Ukinzani wameandika 2 na 3. Mwanzoni kuna vilima vidogo vidogo: mstari mwekundu ukipanda, wa bluu unashuka. Mbele bapa. Kuna mstari mwingine wameandika "mrija umebanwa", huo bapa mwanzo mwisho.

Pima Sikio
Aliyekupimia anaijua kazi. Huo mwekundu na bluu ni sauti ileile, moja imeanza kwa kugandamiza hewa, nyingine kwa kuivuta. Umeme wa seli za nywele unageuka pamoja na sauti, mawimbi ya neva hayageuki. Lakini umeme wa spika nao unageuka, na unaweza kurukia nyaya. Ndiyo sababu wakabana mrija unaopeleka sauti sikioni, spika ifanye kazi bila sauti kufika sikioni. Vilima vikapotea, basi ni vya sikio kweli.

Picha hiyo ni ya neuropathia ya usikivu: seli za nywele zinaitikia, hitilafu iko kwenye neva. ABR inategemea nyuzi za neva zifyatuke kwa pamoja. Ukumbi mzima ukipiga kofi moja, aliye nje analisikia. Kila mtu akipiga kwa wakati wake, nje unafika mvumo tu, ingawa mikono yote inapiga. Kwa hiyo mwenye mstari bapa si lazima awe kiziwi kabisa. Wengi wenye hali hii wanasikia sauti ila maneno hawayapambanui, hasa penye kelele. Usikubali kifaa cha kusikia kipangwe kwa ABR peke yake. Omba irudiwe baada ya miezi michache, maana neva za njiti bado zinakomaa na mawimbi huweza kujitokeza. Omba na MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, waone neva yenyewe ipo. Akifika miezi 6, ihesabiwe kuanzia tarehe aliyotakiwa kuzaliwa, apimwe kwa kugeuza kichwa akisikia sauti. Hapo ndipo utajua anasikia kiasi gani.

Mama Tausi
Dada, wangu ana hilohilo. Vifaa vya nje havikumfaa, akapandikizwa koklea, kile kifaa cha ndani ya sikio kinachoamsha neva kwa umeme, na anaongea. Tulipokuwa tunasubiri tulianza lugha ya alama nyumbani, wala haikumzuia kuongea.

Mama Njiti
Mungu awabariki. Kwenye kurudia atahitaji dawa ya usingizi?

Pima Sikio
Umri huo usingizi wake mwenyewe kwa kawaida unatosha. Usimwache asinzie njiani, mfikishe ana njaa na usingizi, mnyonyeshe wakishamaliza kubandika.