Proksi ya "mfumo mzima" kwenye Linux: mfumo upi huo?

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimefura, na kabla hamjaniambia "soma nyaraka", nimezisoma. Ndizo zilizonitia hasira.

Uko kwenye mtandao ambao hautoki nje bila kupitia seva ya proksi. Unafungua Mipangilio, unaingia Mtandao, unakuta sehemu ya proksi, unajaza anwani na poti (3128 mara nyingi, ikiwa ni Squid, programu maarufu ya seva ya proksi), unafunga. Kivinjari kinafungua kurasa, safi kabisa. Sasa nenda kwenye terminali uandike `sudo apt update`, amri ya kusasisha orodha ya programu. Inakodoa macho tu hadi muda unakwisha. Git, zana ya kutunza msimbo, nayo kimya. Mfumo mzima gani huo unaoishia kwenye kivinjari?

Kwenye GNOME (eneo-kazi la Linux), ulichojaza kinahifadhiwa chini ya `org.gnome.system.proxy`. Litazameni hilo jina: *system*. Kumbe kinasomwa tu na programu iliyojisikia kwenda kukisoma. Kerneli, kiini cha mfumo, haina habari nacho. NetworkManager, ambayo ndiyo inayoshika mtandao wenyewe, ina sehemu yake nyingine ya proksi isiyohusiana kabisa na hiyo, na inachokijua ni faili la PAC tu (skripti inayoamua anwani ipi ipite proksi ipi); anwani na poti ya kujaza kwa mkono haina. Ukihamia KDE, eneo-kazi jingine, unakuta wao wana faili lao, `kioslaverc`, unaanza upya. Hii ni nyumba ya kambare: baba ana sharubu, mama ana sharubu, watoto nao wana sharubu.

Haya, tuingie terminali, maana najua mtasema "weka `http_proxy` umalize", yaani kigeu cha mazingira ambacho programu za terminali hukisoma. Nimalize nini? Kwa herufi ndogo au kubwa? Chukua wget na curl, zana za kupakua kutoka terminali: wget inasoma ndogo tu. curl inakubali `HTTPS_PROXY` kwa herufi kubwa lakini `HTTP_PROXY` inaikataa. Hili la curl nalisamehe, lina sababu: kwenye seva za CGI (njia ya seva ya wavuti kuendesha programu), mtu wa nje akituma kichwa cha ombi kiitwacho Proxy kinageuka kuwa `HTTP_PROXY` ndani ya programu, na 2016 tundu hilo lilipigiwa kelele kwa jina la httpoxy. Lakini mtumiaji wa kawaida atajulia wapi? Anaishia kuandika zote mbili na kuomba dua. Halafu `https_proxy` thamani yake huanza na `http://`, kwa sababu hiyo ni njia ya kufika kwenye proksi, si tovuti unayokwenda. Ukiweka `https://` kwa mantiki ya kawaida ya binadamu, mara nyingi inagoma.

`no_proxy`, orodha ya anwani zisizopitia proksi, ndiyo kichekesho chenyewe. Hakuna kanuni moja ya namna ya kuiandika. Ukiweka `10.0.0.0/8`, yaani kundi zima la anwani, curl imeanza kuielewa kuanzia toleo 7.86.0 la 2022. Kabla ya hapo ilikuwa maandishi tu. wget kwa kawaida inalinganisha mwisho wa jina basi. Nyota, mathalani `*.ndani`, programu moja inaikubali na nyingine inaipuuza bila kusema lolote. Mstari mmoja, tafsiri tano.

Na hata ukipatia, sudo kwa kawaida inafuta vigeu hivyo njiani mpaka uviruhusu kwa `env_keep`. Au uipe apt mstari wake wa `Acquire::http::Proxy` ndani ya `/etc/apt/apt.conf.d/`. Huduma za systemd (programu zinazoendeshwa nyuma ya pazia) hazisomi `/etc/environment`, faili la vigeu vya mashine nzima; kwa kawaida kila moja unaiandikia `Environment=` yake. Snap (mfumo wa vifurushi vya programu) ina amri yake, Java ina vigezo vyake, SSH, ya kuingia kwenye mashine za mbali, haijui habari hizi hata kidogo, inataka `ProxyCommand`.

Kinachoniuma zaidi ni nenosiri. Proksi ikidai jina na nenosiri, unayapachika ndani ya anwani, wazi kabisa. Kama nenosiri lina `@` uandike `%40`, la sivyo programu inadhani jina la seva limeanzia hapo. Na `/etc/environment` husomwa na kila mwenye akaunti kwenye mashine! Siku nenosiri likibadilishwa, unazunguka tena faili moja baada ya jingine, na utakalolisahau ndilo litakaloendelea kutuma nenosiri la zamani hadi akaunti yako ifungwe.

Msinitajie PAC pia. PAC ni JavaScript, imekuwepo tangu Netscape ya 1996, na vivinjari vinaielewa vizuri. curl haiielewi. Kwa hiyo "Otomatiki" kwenye Mipangilio maana yake ni otomatiki kwa kivinjari, nyie wengine mtajijua.

Mwenye kompyuta ya mkononi ndiye aliyekwisha. Anahamia mtandao usio na proksi, anaizima kwenye Mipangilio, lakini terminali iliyokuwa wazi bado imeshikilia thamani ya zamani ya `http_proxy`, kwa sababu vigeu hurithiwa programu inapoanza. Intaneti ipo, yeye anaambiwa seva haipatikani.

Njia pekee niliyoiona inavumilika ni kuweka cntlm, proksi ndogo inayokaa kwenye mashine yako, kisha kila programu unaielekeza `127.0.0.1:3128` mara moja tu. Proksi ya kweli na nenosiri vinabadilishwa sehemu moja, na nenosiri lenyewe unaweza kulihifadhi kama heshi (alama iliyokokotolewa kutoka kwenye nenosiri) ikiwa proksi inatumia NTLM, njia ya Microsoft ya kumthibitisha mtumiaji. Kwa nini kazi hii naifanya mimi na si distro, yaani hao wanaotufungashia Linux? Kama hawawezi, wabadilishe maandishi pale kwenye Mipangilio, waandike "Proksi ya kivinjari na jamaa zake wachache."

Na asije mtu hapa kuniambia nihamie distro nyingine, curl ni ile ile. Nachotaka ni kimoja: mwenye skripti ya `/etc/NetworkManager/dispatcher.d/` inayobadili proksi ya cntlm mtandao unapobadilika, aibandike hapa chini.