Jitu la kijivu la ploti yetu

*Kikundi: Ploti ya Bondeni, Wakubwa kwa Wadogo*

Fundi: Wapendwa hamjambo. Nimepanda matatu kutoka Kisumu jana, niko hapa kwa Mama Brayo tunatoa vitu stoo kabla ya mtu wa mabati kufika, hebu bahatisheni nimekutana na nini chini ya magunia

Mwalimu: Panya

Fundi: Panya wako, hao si habari. Ile Greatwall ya inchi 14!! Nyeusi na nyeupe, yenyewe. Kile kidude cha kubadilisha stesheni kilipotea kitambo na mnakumbuka tulikuwa tunazungusha na plaisi, sasa plaisi yenyewe iko hapa imefungwa na uzi kwa mguu wa TV vile Mzee Dere aliifunga ndio isitembee

Mama Brayo: Na kaseti moja pia. Zingine panya wamemaliza kava lakini hii iko sawa. Imeandikwa na biki HULK 3

Dere: Wacha!!!

Dere: Huo ni mwandiko wangu

Mama Brayo: Najua Mzee. Nimeushika nikakaa chini kidogo

Njoki: Baba ulikuwa unaangalia Hulk, ile ya daktari anageuka jitu akikasirika??

Dere: Njoki mama, wewe hukuwa umezaliwa. Yule mzungu nilikuwa namwendeshea, wakati anarudi kwao Uingereza aliacha kikapu cha kaseti akaniambia chukua, alikuwa anarekodiwa na dadake huko kwa televisheni yao anatumiwa. Ndio hata matangazo yalikuwa ndani. Watoto wa ploti nzima walijua matangazo ya sabuni za Uingereza na sabuni zenyewe hazikuwa hapa Nakuru

Mwalimu: Na hakuna mtu aliruhusiwa kuruka tangazo kwa sababu Mzee alisema ukibonyeza bonyeza deki ya video, hedi yake ya kusoma kaseti inaharibika 😂 Jumapili baada ya kanisa, watoto kama ishirini kwa sakafu, wamama kwa kitanda, na Fundi hapo mbele na kitambaa cha spiriti akingoja picha ianze kunyesha mvua asafishe hedi. Nadhani ufundi wake ulianzia hapo

Fundi: Ulianzia hapo kabisa sina la kuongeza

Mama Brayo: Samahani kukatiza, pesa ya maji mwisho ni leo, waliobaki ni wawili mnajijua. Endeleeni

Njoki: Lakini hiyo ya zamani si ilikuwa ya bei rahisi sana? Nimeona kipande kwa simu. Ni mtu wa misuli tu amepakwa rangi, ako na wigi, anarusha mtu polepooole kama anatupa mto. Hakuna jengo linaanguka hakuna adui wa maana

Mwalimu: Njoki sikatai, pesa haikuwepo. Hiyo ni ya televisheni ya CBS ya Marekani kuanzia 1977 hadi 1982, kompyuta ya kuchora jitu haikuwa, kwa hivyo walichukua mchezaji wa misuli anaitwa Lou Ferrigno wakampaka kijani mwili mzima. Na kawaida ungemwona mara mbili hivi kwa kila episodi, kama dakika chache chache tu, zingine zote ni Bill Bixby akiwa mtu wa kawaida anatafuta kibarua. Ukihesabu vizuri hiyo ni series ya mtu anatafuta kibarua.

Mwalimu: Na ndio maana tuliipenda, kwa sababu huyo mtu tulimjua. Anashuka mji hajui mtu, ako na begi moja, anaandikwa kazi ya shamba ama ya kubeba mizigo, anatumia jina lingine, akishazoeana na watu kidogo mambo yanaharibika anaondoka. Hapa Bondeni ni wangapi waliingia hivyo? Babangu mwenyewe alitoka Bungoma hivyo hivyo na begi

Dere: Mimi nitawaambia ile yangu. Ile ya kwanza kabisa. Usiku, mvua inanyesha, gari imepata pancha, yuko peke yake barabarani. Anafungua nati na wili spana, nati imekataa, spana inateleza anaumia mkono. Na hapo ndio anageuka mara ya kwanza. Si vita, si wezi, ni PANCHA. Mimi niliposhika ile picha nilisimamisha kaseti nikawaambia watoto huyu aliyeandika hii amewahi kulala njiani. Mimi nimepata pancha Timboroa saa nane usiku na trela ya simiti, baridi ile mnaijua, tanboi amelala, spana imeteleza ngozi ya vidole vyote ikatoka nikabaki nikiangalia damu na mvua inaosha. Ile hasira inakuja wakati huo haina mtu wa kupelekewa. Ningekuwa na uwezo wa kupindua gari ningepindua. Yeye alipindua

Fundi: Mzee 🙌🏾

Mama Brayo: Alikuwa anatuonyesha na vidole, "hapa na hapa"

Njoki: Baba hujawahi kuniambia hiyo

Dere: Hujawahi kuuliza mama. Na ukumbuke huyo daktari alikuwa na kidonda kingine ndani. Bibi yake alikufa kwa ajali ya gari na yeye alijaribu kuinua gari akashindwa, halafu akaanza kuchunguza watu wengine ambao siku ya hatari walipata nguvu wakainua, anajiuliza mbona wao na si mimi. Akajipiga miale ya mashine kupita kiasi. Kwa hivyo ile pancha inamkuta mtu ambaye tayari ana hasira na gari

Mwalimu: Mnisaidie, na yule mwandishi wa gazeti la udaku anayemfuata kila mahali, McGee. Nilipofika chuo nikaja kujua Kenneth Johnson aliyetengeneza series alikuwa anasoma Les Misérables ya Victor Hugo wakati huo, yule mfungwa anayekimbia na polisi nyuma yake miaka na miaka. Nikasema ahaa. Hata jina la daktari Johnson alibadilisha, kwenye vitabu vya katuni ni Bruce, yeye akamwita David

Fundi: Sasa mimi niko na kesi yangu ya zamani na leo nataka ifungwe mbele ya kikundi. Mnakumbuka kwa ile ya kwanza nilisema kuna mahali jitu si lile, ni mtu mwingine mrefu amekonda, na mkanipiga makofi mkasema macho yangu yameona vibaya, Brayo ndio alianza kupiga

Mama Brayo: Brayo yuko kazini hawezi kujitetea

Fundi: Sawa. Basi ni KWELI. Kwanza walikuwa wamechukua Richard Kiel, yule mrefu wa meno ya chuma kwa James Bond, wakaanza kupiga picha naye halafu wakaona hana misuli ya kutosha wakamwita Ferrigno. Lakini kuna kipande kidogo cha Kiel kilibaki ndani hadi leo hawakukitoa. Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu na nilikiona kwa TV ya inchi 14 ikinyesha mvua

Mwalimu: Fundi nakuomba msamaha kwa niaba ya wote

Fundi: Nimepokea. Na ile episodi ya lori je, si ni Mzee alishtuka

Dere: Ile nilijua mara moja. Nilisema hii lori nimeiona kwa sinema nyingine, ile ya dereva anafukuzwa na lori chafu na huoni uso wa anayeendesha. Watu wakasema lori zote zinafanana. Lori hazifanani!!

Mwalimu: Na ulikuwa sawa Mzee, walichukua picha za Duel ya Steven Spielberg ya 1971, kampuni ilikuwa moja, Universal, basi wakakata vipande wakashonea kwa Hulk. Na ya ndege walifanya hivyo hivyo wakachukua kutoka sinema nyingine ya ndege, na ya tetemeko la ardhi pia. Pesa ikikosekana unashona viraka. Mimi sioni ubaya, ni kama mama akikata suruali ya kaka mkubwa

Njoki: Subirini nina swali. Mlikuwa mnaangalia kwa nyeusi na nyeupe. Kwa hivyo mlijuaje ni wa kijani?

Fundi: Hatukujua

Mama Brayo: Hatukujua kabisa Njoki. Miaka miwili nzima sisi jitu letu lilikuwa la kijivu. Kulikuwa na vita ya rangi hapa ploti, mimi nilisema ni hudhurungi, Brayo alisema buluu kwa sababu amekufa baridi kwa mvua. Halafu siku moja nimetumwa Kenyatta Avenue nikapita duka la vifaa vya umeme, TV ya rangi imewekwa dirishani na yeye yuko hapo. KIJANI. Kama sukuma wiki. Nilisimama nikasahau nimetumwa nini. Nilirudi nyumbani nalia nasema wamemharibu

Mwalimu: 😂😂 ulilia kweli, nakumbuka

Njoki: Basi Anti sikiza hii. Nimeangalia sasa hivi. Kitabu cha kwanza cha Hulk cha 1962 alikuwa wa KIJIVU. Walitaka kijivu lakini mashine ya kuchapisha haikuweza kutoa kijivu kimoja kila ukurasa, mara nyeusi mara kijivu hafifu, basi kuanzia kitabu cha pili wakambadilisha kijani. Na Kenneth Johnson naye kwa TV alitaka awe mwekundu kwa sababu ndio rangi ya hasira, Stan Lee, yule aliyemwandika Hulk, akakataa. Kwa hivyo nyinyi mlimwona vile alizaliwa

Mama Brayo: Unasema ukweli Njoki?

Njoki: Kweli Anti

Mama Brayo: Nimefurahi mpaka nimeita Fundi kwa sauti na yuko hapa tu karibu yangu

Fundi: Nimethibitisha. Ameita

Mama Brayo: Sasa na mimi niwaambie kitu ambacho sijawahi kuandika hapa. Mnajua Kevo wangu na masikio yake. Homa ilimpata akiwa mdogo sana na tangu hapo anasikia kidogo tu, na mashine ile ya sikio alikuwa anaitoa anaificha kwa mfuko wa sweta kwa sababu watoto shuleni walikuwa wanamvuta. Nimebembeleza nimechapa nimelia, haikusaidia. Mwaka jana nikasoma kuhusu Lou Ferrigno. Alipoteza sehemu kubwa ya kusikia akiwa mtoto mdogo kabisa, maambukizi ya masikio. Alivaa mashine. Alichekwa. Ndio akaingia kwa chuma kunyanyua. Kumbe miaka hiyo yote tunaangalia jitu, aliye ndani ya hiyo rangi hasikii vizuri

Mama Brayo: Hata ule mngurumo si wake, waliweka sauti ya mtu mwingine, kwanza Ted Cassidy halafu alipokufa akaja Charles Napier. Kwa hivyo yeye kazi yake yote ilikuwa uso na mwili. Mkumbuke vile alikuwa anamwangalia mtoto kwa zile episodi, anainamisha kichwa hivi pembeni. Mimi Kevo ananiangalia hivyo hivyo akitaka kushika nimesema nini. Ule mtazamo naujua kwa meza yangu kila jioni

Mwalimu: Mama Brayo umenishika koo

Mama Brayo: Nikamwonyesha Kevo picha, ya Ferrigno mwenyewe bila rangi. Aliiangalia muda mrefuuu. Hakusema kitu. Kesho yake alienda shule na mashine, na akarudi nayo sikioni. Si kila siku lakini siku nyingi

Dere: Mungu ambariki huyo mtoto. Nitakuja kumwona

Njoki: Anti kuna episodi moja inaitwa King of the Beach, ya 1981, Ferrigno ameigiza watu wawili, Hulk na pia mtu wa kawaida mnyanyua vyuma ambaye hasikii vizuri, na hapo anaongea kwa sauti yake mwenyewe. Nitakutafutia

Mama Brayo: Tafuta leo. Tafadhali

Mwalimu: Na mtu asituambie ni vitu vya bei rahisi, Mariette Hartley alipata Emmy, ile tuzo kubwa ya televisheni Marekani, kwa ile episodi ya daktari mgonjwa anayeolewa na David. Emmy yenyewe, kwa series ya mtu amepakwa rangi. Mama Njoki alilia hiyo mpaka chai ikapoa

Dere: Alilia. Na ule wimbo wa piano wa mwisho, akitembea kando ya barabara anasimamisha magari. Mimi nikiwa njiani nikiona mtu na begi saa ya jioni nilikuwa nasimama, tajiri alinikataza lakini nilikuwa nasimama. Niulizeni kitu kimoja, yeye mwishowe alifika kwao? Alipona? Kaseti zetu hazikufika mwisho, mimi nimekaa miaka hii yote nikijua alifika

Mwalimu: ...

Njoki: Baba series iliisha tu 1982 bila mwisho. Halafu kukawa na sinema tatu za TV, 1988, 1989 na 1990. Ya mwisho anakufa

Dere: Anakufa na hajapona

Njoki: Ndio. Anaanguka kutoka kwa ndege. Na Bixby mwenyewe ndiye aliielekeza hiyo, halafu akafariki 1993, saratani

Dere: 1993 ndio mwaka sisi tulikuwa tunamwangalia hapa

Dere: Sawa. Hiyo ya 1990 msiniwekee. Mniwekee za barabarani

Fundi: Mzee Jumamosi ijayo njoo hapa kwa ploti. Deki ninayo moja Kondele, nitaileta, hedi nitasafisha na spiriti kama zamani. Greatwall nimeiwasha sasa hivi, imechukua muda lakini imeshika, mstari mmoja tu katikati. Kaseti tutaanza nayo halafu Njoki aweke ile ya Ferrigno kwa TV kubwa

Mama Brayo: Mandazi na chai ni mimi. Mwalimu wewe utatoka Bungoma saa ngapi?

Mwalimu: Alfajiri. Nitakuwa hapo saa sita

Njoki: Nimeipata!! King of the Beach, na iko na maandishi ya Kiingereza chini

Mama Brayo: Weka yawe makubwa Njoki, Kevo anasoma pole pole. Na tumwekee kiti cha mbele kabisa, pale Fundi alikuwa anakaa