Farmasi ya jamii huko vilimani: mtaji wa dawa unalindwaje usiishe?

Mama wa Kabare

Jambo kwenu nyote. Ninaandika kwa niaba ya kikundi chetu cha wamama ishirini na sita, wengi wao wakulima na wachuuzi wa mboga, tunaoishi kwenye vilima vya Kabare, Kivu Kusini huku Kongo, upande ambao gari haliwezi kupanda mvua ikinyesha. Kituo cha afya kilicho karibu nasi ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, na mara nyingi mgonjwa hufika huko akaandikiwa dawa kwenye karatasi, kisha akaambiwa akazitafute Bukavu. Nauli ya pikipiki kwenda Kadutu, mtaa wa Bukavu, na kurudi huzidi bei ya dawa yenyewe. Asiyeweza kushuka mjini humngojea kijana anayekuja siku ya soko na sanduku lake la mbao. Juzi nilimwona akikata pakiti ya dawa ya malaria kwa mkasi, akampa mama mmoja vidonge sita, kwa kuwa ndivyo vilivyolingana na fedha aliyokuwa nayo. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilibaki kwenye kipande alichorudisha sandukuni.

Kwa zaidi ya mwaka tumekuwa tukiweka kando sehemu ya likelemba yetu, yaani mchango wa kupokezana, na sasa tumefikisha dola 600. Tunataka kufungua farmasi ndogo ya jamii yenye dawa za lazima tu, kwa bei ambayo mkulima anaimudu. Naomba wenye uzoefu watueleze dawa zinunuliwe wapi na bei ipangwe vipi. Naomba pia kujua kwa nini farmasi za namna hii hufa. Ya kwetu ya zamani ililetwa na mradi, ikadumu miaka miwili, na leo kwenye rafu zake watu wanaweka maharage.

Muuguzi mstaafu, Walungu

Mama, pokea salamu zangu. Nimesimamia rafu za dawa katika kituo cha afya kwa miaka kumi na tisa, kwa hiyo nitaanza na swali lako la mwisho, maana hayo mengine yanajibika kwa urahisi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1987 mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako pamoja na WHO na UNICEF, wakakubaliana kwamba shehena ya kwanza ya dawa itolewe, wagonjwa walipe bei ndogo, na fedha hiyo inunue shehena ya pili, wenyeji wakiwa ndio wasimamizi. Kamati za afya tulizo nazo katika kila eneo, hizi tunazoziita CODESA, zimetoka katika fikra hiyo hiyo. Ila kwetu kuna jambo moja linaloharibu hesabu: dawa hununuliwa kwa dola na huuzwa kwa faranga.

Chukua mfano. Tuseme kopo la parasetamoli la vidonge 1,000 limewagharimu dola 10, na siku hiyo dola moja ni faranga 2,800, yaani mmetoa faranga 28,000. Mkiuza vidonge kumi kwa faranga 350, kopo likiisha mtakuwa na faranga 35,000, na kila mtu atafurahi kwamba faida ni 7,000. Lakini ikiwa kopo limechukua miezi mingi kuisha, na dola imefika 3,500, zile 35,000 zinanunua kopo moja tu, na mpanda pikipiki aliyelileta hamna cha kumlipa. Hamjaiba, hamjala, na bado mmepungukiwa. Mimi yalinikuta kati ya 2016 na 2017, dola ilipotoka chini ya faranga 1,000 ikakaribia 1,600: tuliendelea kuuza kwa bei iliyobandikwa ukutani, kwa sababu kamati iliogopa lawama za wananchi, na kufikia mwisho wa mwaka nusu ya rafu ilikuwa wazi ingawa daftari la fedha lilikuwa safi kabisa. Kwa hiyo bei ipangwe kwa gharama ya kununua tena, si kwa gharama mliyonunulia, na mkutano wa wanachama ukubali tangu siku ya kwanza kwamba bei itaangaliwa upya kila mnapokwenda kununua, ikipanda au ikishuka.

Hilo ndilo tundu la kwanza linalovujisha mtaji. Tundu la pili ni mkopo, na la tatu ni jamaa za wakubwa wanaochukua bila kulipa. Hayo mnayajua kuliko mimi. La nne ni dawa zinazooza rafuni. Kila dawa iwe na kadi yake ya stoki, ifungwe kwa uzi kwenye rafu mahali dawa ilipo, na kila kopo linaloingia au kutoka liandikwe saa ile ile, si jioni kwa kukumbuka. Dawa inayokaribia kuisha muda iwekwe mbele, hata kama imefika jana na ile ya nyuma imefika mwaka jana.

Mnapoagiza, angalieni mmetumia kiasi gani kwa mwezi katika miezi mitatu au sita iliyopita, lakini msihesabu siku ambazo dawa haikuwepo. Hapa wengi hujikwaa. Ikiwa amoksisilini, ile antibiotiki, iliisha tarehe 10, na hadi mwisho wa mwezi mlikuwa mkiwarudisha watu, kadi itaonyesha matumizi madogo. Mkiagiza kwa kufuata hicho kidogo, mwezi ujao itaisha mapema tena, na mtadhani wateja wamepungua.

Mfamasia, Goma

Nakubaliana na mzee wa Walungu katika hesabu, lakini ametaja amoksisilini kana kwamba kikundi cha wamama kinaweza kuiuza kama chumvi, na hapo sikubaliani naye.

Mama, kabla ya kununua kidonge kimoja, nendeni ofisi kuu ya zoni yenu ya afya, ile inayosimamia vituo vya afya vya eneo lenu. Farmasi inayosimama peke yake inahitaji idhini na mtu mwenye taaluma, na kwa dola 600 hamtamlipa mtu huyo hata miezi michache. Njia iliyo karibu nanyi zaidi ni kuomba mtambuliwe kama tawi la kituo cha afya, au kama mahali pa huduma za jamii ambapo RECO, yaani wahudumu wa afya wa kujitolea wa kijijini, waliofunzwa huwatibu watoto wa chini ya miaka mitano malaria, kuhara na nimonia. Hapo antibiotiki ya mtoto ina mtu wa kuhesabu pumzi zake kwanza, na mgonjwa mzito ana karatasi ya kumpeleka mbele. Faida nyingine ni kwamba ununuzi wenu utapitia mfumo wa zoni, ambao huchukua dawa kwenye ghala za mikoa, kama APAMESK huko Bukavu na ASRAMES hapa kwetu Goma, badala ya depo yoyote, yaani duka la jumla la dawa, yenye bei ya kuvutia.

Kuhusu bei ya kuvutia, kumbukeni yaliyotokea upande wa Ituri kuanzia mwishoni mwa 2014 hadi 2015. Zaidi ya watu 1,000, watoto wakiwemo, walilazwa wakiwa wamekakamaa shingo, uso na ulimi, na mwanzoni wahudumu walidhani ni homa ya uti wa mgongo. Ilipopimwa dawa waliyokuwa wamemeza, vidonge vilivyoandikwa diazepamu vilikuwa na haloperidoli, dawa nyingine kabisa, ya magonjwa ya akili. Vilikuwa kwenye kopo lenye lebo kama makopo mengine.

Anzeni na orodha fupi: parasetamoli, chumvi za kuongeza maji mwilini pamoja na zinki, dawa mseto ya malaria, ya minyoo, madini ya chuma na foliki kwa wajawazito, dawa ya kusafishia vidonda. Oksitosini, dawa ya wanaojifungua, muiache kituoni, maana inahitaji baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Na ile dawa mseto ya malaria yenye atemeta na lumefantrini, mtu mzima humeza vidonge 24 kwa siku tatu, vinne asubuhi na vinne jioni. Anayepewa sita amenunua nafuu ya siku moja. Ni heri pakiti nzima itoke kwa deni kuliko robo yake kwa fedha taslimu.

Dada wa Katuba, Lubumbashi

Kwa deni, papa? Kikundi chetu kilizama hapo hapo. Sisi hatimaye tulitenga kisanduku cha wasiojiweza, kila mwanachama akiweka faranga 500 kwa mwezi, na anayesaidiwa dawa yake inalipwa kutoka humo, ili farmasi yenyewe ipate fedha kamili. Kisanduku kikiwa kitupu, tunakwenda kuomba kanisani, rafu haiguswi. Majina ya waliosaidiwa hayasomwi mkutanoni, kwa sababu mara ya kwanza tulipoyasoma mama mmoja hakurudi tena, hata mwanawe alipougua.

Mama wa Kabare

Aksanti sana, papa na dada. Jumatatu tumepanga kwenda zoni, wanne kati yetu, pamoja na mwenyekiti wa CODESA. Limebaki jambo moja: mauzo ya wiki yatakuwa faranga kwenye sanduku la mweka hazina, na safari ya kununua itakuwa mara moja kwa miezi miwili. Je, fedha hizo tuzibadili kuwa dola kila wiki?

Muuguzi mstaafu, Walungu

Zibadilini, lakini zisilale nyumbani kwa mtu. Fungueni akaunti ya dola kwenye simu, laini iwe ya kikundi, simu ishikwe na mmoja na namba ya siri ijulikane na mwingine ambaye si jamaa yake. Makato ya wakala mtayaingiza kwenye bei, pamoja na nauli. Na mfamasia ana haki kuhusu amoksisilini. Nilizoea kuwa na muuguzi nyuma ya kaunta, nikasahau kwamba ninyi hamnaye.

Kitu kingine: mkienda zoni ombeni muonyeshwe kadi za stoki za kituo chenu kwa miezi sita iliyopita, mjue ni dawa gani hasa zinazokosekana huko, kwa sababu inawezekana sehemu ya hizo dola 600 ikafaa zaidi kujazia rafu iliyopo kuliko kujenga nyingine.