Vitabu vya ubatizo vya zamani: nani mkubwa, babu au mdogo wake?

Mjukuu_Bukoba:
Wakubwa shikamooni. Nimepiga picha kurasa za kitabu cha ubatizo cha Mapadre Weupe, wale wamisionari wa Kikatoliki, kwenye parokia moja huku Bukoba. Babu kabatizwa 1926. Yule tuliyeambiwa siku zote ni mdogo wake kabatizwa 1924. Wajukuu zake wameliona hilo, sasa wanadai babu yao ndiye mkubwa na kibanja cha ukoo tumekishikilia bure. Halafu huyohuyo anatokea tena 1929, jina lilelile, baba yuleyule. Ni watu wawili?

Katekista Mstaafu:
Marahaba. Hiyo ni tarehe ya kumwagiwa maji, siyo ya kuzaliwa. Mtoto wa wazazi Wakristo alibatizwa siku chache tu baada ya kuzaliwa. Mtu mzima wa dini ya jadi alifundishwa kwanza miaka minne, ndivyo Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, alivyowaagiza mapadre wake. Huyo wa 1924, tazama kama ameandikiwa kwa Kilatini "in periculo mortis", yaani katika hatari ya kufa, au kifupi chake. Na umri wao?

Mjukuu_Bukoba:
Ipo, "in per. mort."! Umri "inf." Babu "circ. 18 an." Ile ya 1929 ina "caer. suppl.", tarehe 8 7bris, nadhani Julai.

Katekista Mstaafu:
Basi mdogo ni mdogo. "Inf." ni mtoto, kwa kawaida chini ya miaka saba. Alikuwa mahututi, akabatizwa haraka, pengine na katekista hukohuko nyumbani, maana kwenye hatari ya kufa hata mlei anaruhusiwa. Akapona. Ubatizo haurudiwi, kwa hiyo 1929 walimkamilishia tu zile ibada zilizorukwa, mafuta na mengineyo; ndiyo maana ya "caer. suppl." Mtu mmoja huyo. Na 7bris ni Septemba, 8bris ni Oktoba. Tarehe 8 Septemba ni sikukuu ya kuzaliwa Bikira Maria, na mwaka ule iliangukia Jumapili.

Kahawa_Chungu:
Ila "circ. 18 an.", yaani kama miaka 18, ni padre kakadiria kwa macho, msiegemee hapo tu. Juni 1915 Waingereza waliivamia Bukoba wakaharibu kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani. Ulizeni wazee kama babu aliwahi kusimulia siku hiyo. Kama hesabu ya padre ni sawa, alikuwa na kama miaka saba, anachunga mbuzi.

Katekista Mstaafu:
Hoja nzuri. Soma na pembezoni pia. Tangu Ne Temere, amri ya Kanisa Katoliki kuhusu ndoa ya 1907, ndoa huandikwa kando ya jina kwenye kitabu cha ubatizo. Ukikuta parokia nyingine imetajwa, ndiko alikofungia ndoa, na kitabu cha huko kina majina ya mashahidi.

Mjukuu_Bukoba:
Kwa babu kuna "matr. Rubya 1931", basi ni ndoa, parokia ya Rubya! Nilidhani ni mwandiko wa mtu mwingine tu. Asanteni sana, wiki ijayo naenda Rubya.

Kahawa_Chungu:
Kikao cha ukoo usiende na picha za simu, watakwambia umezichezea. Mwombe paroko akunakilie yote kwa barua yenye mhuri, na hiyo "inf." iwemo.